Pokémon inakuja kwenye simu: timu ya vigogo watupu haitatufikisha popote

Leo tuweke pembeni kidogo bei ya mpunga na mambo ya madiwani, tuongelee gemu. Najua kuna wazee watakaoguna kwamba kijana kaishiwa habari. Subirini kwanza, hoja iko mbele.

Habari yenyewe ni hii. Februari 2025 kampuni ya The Pokémon Company ilitangaza gemu mpya iitwayo Pokémon Champions. Kwenye zile gemu zao za siku zote unazunguka maporini, unakamata viumbe, unawalea, unaongea na watu, miezi inakatika. Hii ni mapambano tu, timu yangu na yako, basi. Ilitangazwa kwamba itachezwa kwenye mashine ya Nintendo Switch na pia kwenye simu, kwamba kuanza ni bure, na kwamba ndiyo itakayobeba mashindano rasmi kuanzia 2026, mwaka ambao mashindano ya dunia yalipangiwa San Francisco, Marekani.

Hilo neno "simu" ndilo lililonikalisha chini niandike. Switch ilipotoka 2017 iliuzwa dola 299 huko Marekani. Kwa chenji ya miaka hii hiyo ni zaidi ya laki 7, bado usafiri na ushuru, na gemu yenyewe dola 60 nyingine. Dogo anayebeba magunia mashineni kwa siku atazitoa wapi? Lakini simu ya tachi anayo, na kama hana, kaka yake anayo.

Sasa mlango ukifunguka, sisi tunaingia na nini? Kwa jinsi tunavyocheza kwenye mabanda yetu, mimi naona tutapigwa asubuhi tu. Siyo kwamba hatuna akili. Tatizo ni kwamba tumezoea kuamini timu nzuri ni ile yenye vigogo sita. Kwenye mapambano haya timu ya vigogo watupu ndiyo rahisi kuliko zote kuifunga, na nitaeleza kwa nini.

GEMU YENYEWE INAENDAJE

Kwa wasioijua. Kila mchezaji anasajili viumbe sita. Kabla ya mechi kila mmoja anaonyeshwa sita wa mwenzake, halafu anachagua wanne wa kuingia nao. Wawili wanaanza uwanjani, wawili wanakaa benchi. Wote wanasawazishwa kwenye kiwango cha 50, kwa hiyo huwezi kusema "wa kwangu nimemlea miaka mitatu". Kila kiumbe ana mapigo manne, ana kipaji kimoja, na anashika kifaa kimoja. Kifaa hakiruhusiwi kujirudia ndani ya timu, na kiumbe pia hajirudii. Kila zamu mnatoa amri kwa siri, halafu mwenye kasi ndiye anayeanza kupiga.

Aina za viumbe ziko 18: moto, maji, majani, umeme, barafu, ardhi, mwamba, chuma, joka na kadhalika. Kiumbe anaweza kuwa na aina moja au mbili. Maji yakimpiga wa moto, maumivu yanakuwa mara mbili. Kama kiumbe ana aina mbili na zote mbili zinaogopa kitu kimoja, hapo ni mara nne. Upande mwingine kuna kinga: umeme haumpati kabisa wa ardhi, na tetemeko la ardhi halimpati anayeruka.

Ni hayo tu. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuyashika kwa jioni moja. Ugumu unaanza pale unapotakiwa kuchagua sita.

UGONJWA WA VIGOGO

Nenda banda lolote la pleistesheni hapa mjini. Kwenye mpira kila mtu anataka Brazil, anataka Real Madrid, anataka Manchester City. Kwenye gemu ya mpira inakubali, kwa sababu ile timu tayari imepangwa na watu wengine: ina kipa, ina mabeki, ina kiungo. Wewe unabonyeza tu. Kwenye Pokémon hakuna aliyekupangia. Ukiambiwa chagua sita, mkono unakimbilia sita wanaotisha.

Chukua mfano. Charizard, yule anayefanana na joka la moto, kila mtu anampenda. Mwongeze Talonflame, ndege wa moto. Mwongeze Volcarona, mdudu wa moto mwenye mabawa. Kwa macho ni kikosi cha kuogofya. Lakini fungua chati ya aina: wote watatu mwamba unawaumiza mara nne. Na kuna pigo linaitwa Rock Slide, maporomoko ya mawe, linalowapiga wapinzani wote wawili kwa mpigo. Kwa kuwa linagawanyika, nguvu yake inapungua robo. Robo hiyo haikuokoi palipo na mara nne. Zamu moja, viumbe wawili chini, na aliyekufunga anaweza kuwa na kiumbe ambaye wewe usingemwangalia mara mbili.

Wanaosema gemu hizi ni za Wajapani hazituhusu, hebu tuitumie kwa viumbe vya bonde letu. Tuseme unasajili timu ya Kilombero. Kiboko, ndani. Mamba, ndani. Kambale, ndani, maana tope analijua. Umeshasajili watatu, na wote watatu wanategemea maji. Ukame ukija, timu nzima inalala siku moja. Ungekuwa na akili ya usawa ungemchukua kiboko kwa nguvu, sheshe wa mbugani kwa mbio, mbega mwekundu wa Udzungwa kwa sababu yuko juu ya miti ambako mafuriko hayamfikii, na tai wa kuangalia kwa mbali. Kila mmoja anaogopa kitu ambacho mwenzake hakiogopi.

Kuna na yule chura wa Kihansi. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko yale tu, hakuna mahali pengine duniani. Mradi wa umeme wa megawati 180 ulipochukua maji mwanzoni mwa miaka ya 2000, manyunyu yakaisha, na mwaka 2009 akatangazwa kwamba porini hayupo tena. Aliponea kwenye mabustani ya wanyama ya Bronx na Toledo kule Marekani, ndipo akaanza kurudishwa. Kwenye Pokémon zipo timu za namna hiyo hiyo, zinaitwa timu za mvua. Mvua ikiwepo zinakimbia mara mbili na mapigo ya maji yanapanda. Mpinzani akileta jua, zimekwisha. Ukijenga timu inayotegemea hali ya hewa, lazima angalau wawili kati ya sita wajue kupigana mvua ikikatika.

KINDI ALIYEWANYAMAZISHA WATU

Mwaka 2014 mashindano ya dunia yalifanyika Washington. Kijana wa Korea Kusini, Se Jun Park, akaja na timu ambayo ndani yake kulikuwa na Pachirisu. Pachirisu ni kindi mdogo wa umeme, mweupe mwenye mstari wa bluu. Hana nguvu, na watu walimwona kama pambo. Park akachukua ubingwa wa dunia naye.

Wengi wanaisimulia hadithi hii kama ya bahati, au ya moyo, kwamba ukimpenda kiumbe wako utashinda. Hapana bwana. Angalia kikosi chake. Alikuwa na Gyarados, jitu la maji linaloruka. Umeme unamuumiza Gyarados mara nne, kwa hiyo kila mpinzani anayemwona anatafuta umeme. Pachirisu ana kipaji cha kunyonya umeme: ukimpiga nao, uhai wake unaongezeka. Na ana pigo la Follow Me, ambalo linamlazimisha mpinzani amlenge yeye badala ya mwenzake. Sasa weka hao wawili pamoja. Ukituma umeme kwa jitu, kindi anaunywa. Usipotuma umeme, jitu linakumaliza. Na kwa nini kindi huyo na siyo mwingine? Kwa sababu Park alimjenga awe mgumu kufa, hakumjenga apige.

Nyuma yao alikuwepo Garchomp, joka la ardhi. Garchomp akipiga tetemeko linawapata wote uwanjani, hata mwenzake. Lakini Gyarados anaruka, halimpati, na Talonflame aliyekuwa kwenye timu hiyo hiyo pia anaruka. Ukilisoma kikosi lote utaona kila mtu ana kazi, na kila kazi inaziba tundu la mwingine.

Sisi wa mkoa wa Morogoro hili lisingetushangaza. Mtibwa Sugar ya Turiani, timu ya mashamba ya miwa, ilichukua ubingwa wa Bara 1999 na 2000 mbele ya Simba na Yanga. Waliokuwa wanajua mpira miaka ile wanaelewa kwamba majina makubwa yalikuwa upande mwingine.

JINSI YA KUPANGA SITA

Haya sasa, tuingie kazini. Hizi ni hatua ninazozitumia na ninazowaelekeza madogo.

Kwanza, usianze na sita. Anza na wawili. Jiulize: hawa wawili wakiwa uwanjani pamoja, wanashindaje? Kama jibu ni "wote wanapiga sana", rudi nyuma. Mmoja apige, mwingine amfungulie njia.

Pili, weka pembetatu. Ya kawaida kabisa ni moto, maji na majani. Majani yanaogopa moto na barafu. Wa maji anavihimili vyote viwili. Maji yanaogopa umeme na majani. Wa majani anavihimili. Moto unaogopa maji na ardhi. Wa majani anavihimili. Mmoja akibanwa, unafanya sabu na anayeingia hapati shida. Pembetatu siyo lazima iwe hiyo, lakini ukianza na hiyo utaelewa jinsi zinavyofanya kazi.

Tatu, amua suala la kasi. Hapa ndipo wengi wanapofia. Mwenye kasi anapiga kwanza, na mara nyingi anayepiga kwanza ndiye anayebaki. Zipo njia tatu kubwa. Tailwind, upepo wa nyuma, unaongeza kasi ya upande wako mara mbili kwa zamu 4. Icy Wind inapunguza kasi ya wapinzani wote wawili. Na Trick Room inageuza meza: kwa zamu 5 mzembe ndiye anayeanza na mwenye mbio anasubiri. Timu ya wazito ikitumia Trick Room ni hatari kweli. Timu isiyo na njia hata moja ya kudhibiti kasi inasubiri huruma ya mpinzani.

Nne, usiwe na wapigaji wa aina moja. Mapigo yako makundi mawili: ya mwili na maalumu. Kuna kipaji kinaitwa Intimidate, kutisha. Mwenye nacho akiingia tu uwanjani, nguvu ya mapigo ya mwili ya wapinzani wote wawili inashuka. Kama wapigaji wako wote ni wa mwili, mtu mmoja ameshakufungia duka kabla hujapiga hata pigo moja.

Tano, weka wafanyakazi. Mmoja wa Follow Me au Fake Out. Fake Out inampiga mpinzani asifanye kitu kwa zamu ile, ila inafanya kazi pale tu kiumbe anapoingia. Na karibu kila kiumbe apewe Protect, kujikinga. Madogo wanaona Protect ni uoga, eti inapoteza nafasi ya pigo. Wakati mmoja anajikinga, mwenzake anafanya kazi bila kusumbuliwa, na zamu za Tailwind au Trick Room za mpinzani zinakatika bure. Ukiirudia mfululizo inaanza kushindwa, kwa hiyo itumie kwa akili.

Sita, hakikisha unaweza kupata wanne wa namna mbili tofauti. Wanaoingia ni wanne, siyo sita. Kama kila mechi unaingia na wanne wale wale, wale wawili wa mwisho ni abiria, na mpinzani akishakuona mara moja amekumaliza.

Mwisho, karatasi. Chukua daftari, chora mistari sita na safu 18. Kila kiumbe, andika anachokiogopa na anachokihimili. Ukiona safu ambayo watatu wanaumia na hakuna hata mmoja anayehimili, hapo pana tundu. Badilisha mmoja, uchore tena. Dakika 20 za daftari zinakuokolea mechi nyingi za kulalamika.

BANDO NA MKEKA

Mtu atauliza, sasa nisubiri gemu ya simu ndiyo nijifunze? Hapana. Tangu 2011 upo mtandao wa Pokémon Showdown, ulioanzishwa na Guangcong Luo. Unachezwa kwenye kivinjari cha simu, hupakui kitu, hulipi senti, na viumbe wote unao siku ile ile. Picha zake ni ndogo, kwa hiyo bando halikimbii kama kwenye video. Siyo mtandao rasmi na huwezi kuendea ubingwa wa dunia kupitia hapo, lakini kwa kujifunza kupanga timu hakuna kinachokosekana.

Nasema hivi kwa sababu naijua tabia yetu. Gemu "ya bure kuanza" maana yake ni kwamba mbele kuna vya kununua. Nina hofu madogo watakimbilia kununua wakidhani wananunua ushindi, kumbe hata ukipewa viumbe wote duniani bado utatakiwa kuchagua sita, na kuchagua hakuuzwi.

Halafu kuna mkeka. Tusidanganyane, vijana wengi hapa Kibaoni wanaojiita wachambuzi wa mpira wanachambua ili wabeti. Asubuhi anajaza mkeka, usiku mkeka umechanika, kesho anaanza upya. Akili anayoitumia kukumbuka nani majeruhi na nani kafungiwa ni akili nyingi. Ila matokeo hayako mikononi mwake. Kwenye kupanga timu ya Pokémon ukifungwa unajua kwa nini, na kesho unaweza kurekebisha. Sisemi gemu italipa kodi ya chumba. Nasema inamrudishia mtu tabia ya kukagua kosa lake, na hiyo mkeka haifundishi.

RAMANI HAITUJUI BADO

Hapa ndipo penye uchungu. Mashindano rasmi yamegawanywa kwa kanda, na katika misimu ya karibuni kanda iliyogusa bara letu imeitwa Mashariki ya Kati na Afrika Kusini. Afrika Kusini ile ya Johannesburg, siyo sisi. Kwa hiyo dogo wa Ifakara anaweza kuwa na timu nzuri na akakosa mashindano ya karibu ya kukusanyia pointi. Ubingwa wa 2024 na wa 2025 wote ulikwenda kwa Waitalia, Luca Ceribelli kisha Giovanni Cischke, kwa hiyo siyo mambo ya Japan na Marekani peke yao. Lakini Italia wana mashindano ya kwenda kwa treni.

Majirani wameonyesha kwamba mtu haanzi na ramani. Sylvia Gathoni wa Kenya, maarufu kama QueenArrow, alijijengea jina kwenye Tekken, akasajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018, baadaye akapata udhamini wa Red Bull. Kwenye Michezo ya Afrika ya Accra, iliyofanyika Machi 2024, gemu za kielektroniki zilikuwemo kama mchezo wa maonyesho. Wanaoonekana ni wale ambao tayari walikuwa wanacheza kwa utaratibu nyumbani kwao.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wenye mabanda hapa Kibaoni, Viwanja Sitini mpaka Mang'ula: tengeni jioni moja kwa wiki. Simu nne, mtandao mmoja wa kugawana, chati ya aina 18 ibandikwe ukutani. Anayefungwa aandike kwenye daftari timu yake na sababu ya kufungwa, daftari libaki bandani ili mwingine asome. Kusiwe na hela mezani, maana hela ikiingia wasichana na wanafunzi wanaondoka na wanabaki wale wale. Mzazi anayeona gemu ni uhuni apite, aangalie chati, amuulize mwanae kwa nini kamwacha Charizard benchi. Akijibiwa vizuri, basi ajue mtoto anafikiri.

Umeme ukikatika tunaendelea na daftari. Kidatu iko hapo tu na bado unakatika, hilo tutaliandikia siku nyingine.

Wadau wa Mlimba, Malinyi, Lupiro na nyie mlioko Dar, leteni sita zenu kwenye maoni hapo chini, na mseme kila mmoja ana kazi gani. Anayeleta vigogo sita tutamtafutia mawe.

Nawasilisha.